Tour de France sebuleni au Tour du Rwanda barabarani: uanze na ipi?

Tangu Kigali iandae mashindano ya dunia ya baiskeli Septemba 2025, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika, watu wananiuliza swali lilelile. Wengi ni wa mpira. Walimwona Tadej Pogačar wa Slovenia akichomoka kwenye Mlima Kigali zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, wakawaona wenzake wakijitoa mmoja baada ya mwingine hadi wakamaliza 30 tu, na sasa wamenogewa. Shemeji yangu ndiye aliyeuliza kwa ufupi kuliko wote: "Nifuatilie ile ya Wafaransa au hii ya jirani?"

Nilimwambia anipe siku mbili, kwa sababu jibu la haraka ni la uongo. Ukimwambia mtu "Tour de France, ndiyo kubwa", unampa wiki tatu za kukaa mbele ya runinga akiangalia mashamba ya alizeti, na siku ya tano atarudi kwenye mpira. Ukimwambia "Rwanda, ni karibu", atapanda basi usiku kucha, asimame juani saa mbili, waendeshaji wapite kama upepo, kisha ageuke amuulize jirani yake: nani anaongoza? Mbio hizi zina ajabu hiyo. Aliye mita moja kutoka kwenye baiskeli ndiye asiyejua kinachoendelea, na aliye kilomita 7,000 mbali, miguu juu ya stuli, anajua hadi sekunde.

Kwa hiyo hapa nalinganisha mashindano mawili na papo hapo namna mbili za kuyafuatilia. Giro d'Italia na Vuelta a España, mbio za wiki tatu za Italia na Hispania, nitazigusa, kwa sababu moja kati ya hizo huenda ikakufaa kuliko zote.

Kwanza, jambo linalowakwaza wageni wote

Unamwona mtu anavuka mstari wa kwanza, mikono juu, machozi yanamtoka. Dakika kumi baadaye jukwaani anavishwa jezi ya njano mtu mwingine kabisa, aliyemaliza wa thelathini. Shemeji alipoona hivyo mara ya kwanza alisema wazungu nao wana upendeleo.

Hakuna upendeleo. Kila siku ni hatua, na kila hatua ina mshindi wake. Mshindi wa mbio nzima ni yule ambaye muda wake wa siku zote, ukijumlishwa, ni mdogo kuliko wa wenzake wote. Wanaofika kwenye kundi moja lisilo na pengo huandikiwa muda mmoja, hata wakiwa 100. Ndiyo maana mwenye jezi ya njano anaweza kumaliza wa thelathini bila wasiwasi wowote: hajapoteza hata sekunde. Watatu wa kwanza kwenye hatua nyingi hupunguziwa sekunde 10, 6 na 4, na hizo sekunde ndogo ndogo ndizo watu wanazong'ang'ania.

Halafu kuna upepo. Anayekaa nyuma ya mgongo wa mwenzake anaokoa karibu theluthi ya nguvu zake, na katikati ya kundi kubwa anaokoa zaidi. Mchezo mzima umejengwa juu ya jambo hilo. Nyota anakingwa na wasaidizi ambao kazi yao ni kuukata upepo kwa niaba yake, kumletea maji kutoka kwenye gari la timu, na akipata pancha kumpa hata baiskeli yao wenyewe. Watu watatu wanaochomoka mapema huachwa watangulie dakika tano au sita kwa sababu kundi linajua litawarudisha likitaka. Mlimani kujikinga upepo nyuma ya mwenzako hakusaidii sana, kwa hiyo ndipo kila mtu anaachwa na miguu yake.

Ukishaelewa haya mawili, muda wa jumla na upepo, umeelewa robo tatu ya mambo. Mengine utayaokota njiani.

Kwa mtazamo wa haraka

| | Lini | Siku za kushindana | Jezi ya kiongozi | Mwisho wa hatua kwa saa zetu |
|---|---|---|---|---|
| Tour de France | Julai | 21 | njano | karibu saa 12 na nusu jioni |
| Giro d'Italia | Mei | 21 | waridi | jioni vilevile |
| Vuelta a España | Agosti–Septemba | 21 | nyekundu | jioni vilevile |
| Tour du Rwanda | mwishoni mwa Februari | 8 | njano | mchana |

Saa hizo ni za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Walioko Kigali, Bujumbura na Lubumbashi wana bahati: wakati wa kiangazi cha Ulaya saa yao ni sawa kabisa na ya Paris.

Tour de France, ukiwa sebuleni

Ilianza mwaka 1903, kazi ya gazeti lililotaka kuuza nakala. Jezi ya njano ilikuja 1919, na rangi ile ni ya karatasi za gazeti hilohilo, L'Auto. Leo ni wiki tatu, hatua 21, siku mbili za mapumziko, na kilomita 3,300 na ushee. Mwaka 2025 zilianza timu 23 zenye watu wanane kila moja, yaani waendeshaji 184.

Kwa ukanda wetu imekuwa ikionyeshwa na SuperSport, kwa hiyo jambo la kwanza ni kuuliza kama kifurushi cha king'amuzi chako kina chaneli hiyo. Usitegemee kibanda umiza. Nilijaribu mwaka mmoja, nikamwomba mwenye banda aniwekee baiskeli dakika kumi tu wakati wa mapumziko ya mechi. Watu walinitazama kama nimeomba taarabu msibani.

Saa, kwa upande mwingine, zimekaa vizuri. Hatua nyingi humalizika kati ya saa 12 na saa 12 na nusu jioni, umesharudi kutoka kazini. Kwa aliyepo Dar mwezi Julai, kilomita za mwisho huangukia palepale adhana ya magharibi. Mzee mmoja jirani yangu wa zamani Temeke alikuwa akisema Wafaransa wamepanga makusudi wamkoseshe rakaa ya kwanza.

Na hapa nitoe ushauri ambao mashabiki wakubwa wataukataa: usiangalie yote. Hatua ya tambarare ina saa nne, na tatu za mwanzo ni za kuangalia makanisa ya kale kutoka kwenye helikopta. Fungua zikiwa zimebaki kilomita 40, au hata 20. Hatua za milima mirefu, Alps na Pyrenees, hizo fungua mapema, kwa sababu mtu anaweza kuvunjikia mlima wa pili kati ya minne na ukakosa kila kitu. Mbio dhidi ya saa, ambapo kila mmoja anatoka peke yake, angalia kumi wa mwisho tu: wanaotoka mwisho ndio wanaoongoza.

Kitu ambacho runinga inakupa, na ambacho barabarani hutakipata hata ukilipia, ni hadithi nzima. Pale kona ya skrini kuna sekunde zinazopungua. Unaona kiongozi akifungua zipu ya jezi, msaidizi wake wa mwisho akiishiwa na kusogea pembeni, na unajua kwamba kuanzia hapo yuko peke yake na zimebaki kilomita sita. Mwaka 2020 Primož Roglič aliamka akiwa na sekunde 57 mbele ya Pogačar, imebaki siku moja ya mbio dhidi ya saa na gwaride la Paris. Jioni kwenye mlima wa La Planche des Belles Filles alifika kofia imekaa upande, uso umeparara, na jezi imekwenda kwa kijana wa miaka 21 wa nchi yake mwenyewe. Siku ishirini zimegeuzwa na chini ya saa moja. Ungekuwa umesimama kando ya barabara siku ile ungeona watu wawili wakipita, mmoja baada ya mwingine, basi.

Kuna pia suala la watu wetu. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akajifunza baiskeli ya ushindani kwa David Kinjah kule Kikuyu, na ingawa alishinda Tour mara nne kwa bendera ya Uingereza (2013, 2015, 2016 na 2017), Wakenya wengi wanamhesabu wa kwao nusu. Julai 14, 2016, kwenye Mont Ventoux, pikipiki ilisimama ghafla mbele yake kwa sababu mashabiki wameziba njia. Baiskeli ikavunjika, naye akiwa na jezi ya njano akaanza kupanda mlima kwa miguu, anakimbia na viatu vya baiskeli. Kaangalie picha hiyo kabla hujaamua kama mchezo huu ni wako.

Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alivaa jezi yenye madoa mekundu, ya mfalme wa milima, mwaka 2015. Biniam Girmay, naye Mweritrea, akashinda hatua ya tatu mwaka 2024 mjini Turin, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour, kisha akaongeza nyingine mbili na kufika Nice na jezi ya kijani ya pointi. Siku ile ya Turin nilikuwa na simu tu, umeme umekatika, nasoma maandishi ya moja kwa moja yanayojisasisha kila dakika. Nilipiga kelele peke yangu gizani. Nasema hivi ili ujue kwamba hata bila runinga inawezekana: tovuti ya mbio zenyewe na ile ya ProCyclingStats zinakula bando kidogo sana, na mtu aliyezoea anaweza kuona mbio kwa kusoma mapengo peke yake.

Ubaya wa Tour? Miaka ya karibuni umekuwa ushindani wa wawili. Pogačar alishinda 2020, 2021, 2024 na 2025, na Jonas Vingegaard 2022 na 2023. Kuna siku ambapo ifikapo wiki ya pili anayeshika nafasi ya tatu yuko dakika nyingi nyuma na swali limeshajibiwa. Ukitaka msisimko wa mwisho kabisa kwa muda mfupi, angalia Tour ya wanawake, iliyorudi kwa sura mpya 2022 na ina siku nane au tisa tu. Mwaka 2024 Demi Vollering alianguka hatua ya tano akapoteza jezi, akashinda hatua ya mwisho juu ya Alpe d'Huez, na bado Kasia Niewiadoma akatwaa taji kwa sekunde 4. Nne! Wanaume hawajawahi kufikia hapo. Rekodi yao ni sekunde 8, za Greg LeMond mwaka 1989.

Tour du Rwanda, kando ya lami

Hapa mambo yanageuka kabisa.

Mbio hizi zilianza 1988 kama za ridhaa, zikaingia kwenye kalenda ya shirikisho la kimataifa 2009, na tangu 2019 zimepanda daraja, ndiyo maana sasa timu za Ulaya zinakuja. Siku nane, chini ya kilomita 1,000 zote kwa pamoja, lakini nchi yenyewe haina tambarare ya kumpumzisha mtu. Njia hubadilika kila mwaka, ila majina yanajirudia: Musanze chini ya volkano, Rubavu kwenye Ziwa Kivu, Karongi, Huye, Rwamagana, na mwisho kuzunguka Kigali yenyewe.

Kuangalia ni bure. Hakuna tiketi, hakuna uzio isipokuwa karibu na mwanzo na mwisho. Mkenya na Mganda wanaingia na kitambulisho. Mtanzania beba pasipoti au hati ya muda ya safari. Mimi naondokea Mwanza kupitia Geita na Nyakanazi hadi Rusumo, halafu Kayonza na Kigali. Ukivuka daraja la Rusumo magari yanahamia kulia, na hili si jambo dogo kwa shabiki: ukitaka kuvuka barabara kuwahi kona nzuri, mazoea yako yatakugeuza upande usio na pikipiki. Kiswahili kinasaidia, ni lugha rasmi huko tangu 2017, ingawa vijijini utaombwa Kinyarwanda na utajikuta mnaelewana kwa vidole.

Kosa langu la mara ya kwanza ni kwamba nilisimama kwenye mteremko. Niliona mahali pazuri, kivuli cha mikaratusi, barabara inaonekana mbali. Wakaja kwa kasi ambayo sikuwa nimeitarajia, sauti yake kama nyuki wengi, na wakati natafuta simu mfukoni walikuwa wamepinda kona. Sekunde ishirini labda. Nilikuwa nimesafiri saa kumi na nne. Mama mmoja aliyekuwa amebeba ndizi kichwani alicheka hadi akashika kiuno.

Simama mpandoni. Mtu anayepanda mlima anakwenda polepole, kundi limekatika vipande vipande, wa kwanza na wa mwisho wanaweza kuachana nusu saa, na unaona nyuso. Kigali ina mpando wa mawe pale Kwa Mutwe, ukuta wa mita 400 wenye mwinuko wa asilimia 11 kwa wastani, ambao mashindano ya dunia ya 2025 yaliutumia pia. Kuna mwingine wa mawe Kimihurura. Siku za mwisho, wanapozunguka mjini mara kadhaa, mahali pamoja unawaona tena na tena: mzunguko wa kwanza kundi, wa pili nusu kundi, wa tatu watu wanane, wa nne mtu mmoja na nyuma yake kimya. Hapo ndipo barabara inakaribia kukusimulia hadithi kama runinga inavyofanya. Kama una siku moja tu, chagua Jumapili ya mwisho. Na kama hatua unayoitaka iko Jumamosi ya mwisho ya mwezi, fika mjini siku moja kabla, maana asubuhi hiyo ni ya umuganda, kazi za pamoja za jamii, na usafiri husimama.

Halafu kuna umati. Ufaransa watu huja kuangalia mbio. Rwanda mbio zinapita nyumbani kwa watu. Kilima kizima kinashuka, wanafunzi na sare zao, wazee na fimbo, na abanyonzi, vijana wanaobeba abiria na mizigo kwa baiskeli. Hawa ndio watazamaji wenye maarifa kuliko wote niliowahi kukaa nao. Kijana anayepandisha gunia la viazi mlimani kila siku haelezwi nini maana ya gia nzito. Atakuangalia mtu anapopita akwambie "huyu ameisha", na kona mbili mbele unamkuta ameisha kweli. Sisi wa ukanda huu tusijifanye wageni wa baiskeli. Bodaboda zenyewe, kabla hazijawa pikipiki, zilikuwa baiskeli za kuvusha watu mpaka wa Busia.

Uchezaji wake nao ni tofauti. Timu ni ndogo kuliko za Tour, kwa hiyo hakuna timu inayoweza kulifunga kundi kamba na kuliburuza siku nzima. Mtu akichomoka, anaweza asirudishwe. Timu ya taifa ya vijana wa Rwanda au Eritrea inapanga mstari mmoja na timu ya Ufaransa yenye basi na wapishi, na mara nyingi mwenye basi anashindwa. Kati ya 2014 na 2018 Wanyarwanda walishinda miaka yote mitano: Valens Ndayisenga mara mbili, Jean Bosco Nsengimana, Joseph Areruya na Samuel Mugisha. Daraja lilipopanda, Waeritrea wakashika: Merhawi Kudus 2019, Natnael Tesfatsion 2020 na 2022, Henok Mulubrhan 2023. Katikati yao, 2021, alipenya Cristián Rodríguez wa Hispania, kisha Ulaya ikachukua mfululizo, Joseph Blackmore wa Uingereza 2024 na Fabien Doubey wa Ufaransa 2025. Mwenyeji hajapanda tena jukwaa la juu kabisa tangu Mugisha, na ukizungumza na mashabiki wa Kigali hicho ndicho kidonda. Usikiguse mapema kabla hamjazoeana.

Blackmore huyo, mwaka mmoja baada ya kushinda Rwanda, alikuwa kwenye mstari wa kuanzia wa Tour de France. Mtu aliyesimama Kwa Mutwe Februari 2024 alimwona kwa umbali wa mkono kabla Ulaya haijamjua. Hilo runinga ya Julai haitakupa.

Ukikosa safari, RTV ya Rwanda huonyesha, na picha hupatikana mtandaoni. Usitegemee helikopta tano. Picha hukatika wanapoingia bonde lenye mawingu, saa za mapengo huchelewa, na mtangazaji hukaa kimya akisubiri taarifa kama wewe. Kwa aliyezoea utangazaji wa Tour hii ni adha. Kwa hiyo kama chaguo lako ni runinga tu, Rwanda haiwezi kushindana, na sitakudanganya kwa uzalendo wa ukanda.

Na kama ungekwenda Ufaransa kweli?

Nako barabarani ni bure, lakini kufika si bure. Ada ya viza ya Schengen peke yake ni euro 90, bado tiketi ya ndege na hoteli ambazo mwezi Julai hupanda. Kwa ndugu zetu waliopo Brussels, Paris au Ujerumani, hesabu ni nyingine: treni moja na sandwichi. Waende mlimani, wafike mapema kwa sababu barabara hufungwa saa nyingi kabla, na wasidharau msafara wa matangazo unaotangulia waendeshaji, ulioanza 1930 na unaorusha kofia, peremende na vipakiti vya soseji. Watu wazima wenye kazi nzuri hugombania soseji pale kama watoto wa maulidi.

Walioko Muscat wana yao. Tour of Oman huchezwa Februari, siku chache tu, na siku ya kuangalia ni ile inayomalizikia Jabal al Akhdar, mpando usiofika kilomita sita lakini wenye mwinuko wa asilimia 10 hivi. Froome alishinda mbio hizo 2013 na 2014, na Adam Yates 2024 na 2025. Magari ya familia hupanda asubuhi na chupa za chai.

Giro na Vuelta, kwa wasiotaka umaarufu

Kama runinga ndiyo njia yako, mimi mwenyewe ningekwambia uanze na Giro ya Mei badala ya Tour. Inaanza tangu 1909, jezi yake ni ya waridi kwa sababu gazeti lake, La Gazzetta dello Sport, linachapwa kwenye karatasi ya rangi hiyo, na mara nyingi bingwa hajulikani hadi siku mbili za mwisho. Kocha wa mpira angesema haina nidhamu. Mwaka 2018 Simon Yates aliongoza siku 13, akavunjika kwenye mlima wa Colle delle Finestre siku Froome alipotoroka kilomita 80 peke yake. Miaka saba baadaye, 2025, Yates akarudi kwenye mlima uleule akiwa wa tatu, vijana wawili waliomtangulia, Isaac del Toro na Richard Carapaz, wakawa wanaviziana nani amfukuze, naye akaondoka na jezi. Carapaz si kijana hasa, lakini siku ile alicheza kitoto.

Vuelta ni ya joto na mipando mifupi ya ukatili. Angliru ina sehemu inayozidi asilimia 23, baiskeli inakaribia kusimama. Inaanza Agosti ligi za mpira zikiwa zimeshafunguliwa, na hapo ndipo inapopoteza watu wetu wengi. Kama nyumba yako ina rimoti moja na vijana wawili, iache.

Nilivyomjibu shemeji

Nilimuuliza kwanza ana nini: muda wa jioni au siku za likizo? Mtu mwenye jioni na king'amuzi achukue Giro Mei kama mazoezi, ajifunze kusoma mapengo, halafu Julai ataingia Tour akiwa na macho. Mtu mwenye siku tano za likizo na nauli ya basi, na asiye na subira ya runinga, aende Kigali Februari bila kujua chochote, asimame mpandoni, na simu iwe na chaji ya kusoma msimamo wa jumla kila wanapopita. Mwenye vyote viwili aanze Rwanda, kwa sababu ni rahisi kuvumilia saa tatu za alizeti ukishasikia mlio ule wa minyororo karibu na sikio lako. Kinyume chake nimeona mara mbili: mtu wa runinga anafika barabarani, anaona sekunde ishirini, anasema "ndiyo hii tu?"

Shemeji ana duka la vipuri vya baiskeli Igoma na halifungi hata siku ya sikukuu. Alisikiliza yote, akakuna kidevu, akauliza kama kuna hatua inayopita Rwamagana, maana hapo angeweza kwenda na kurudi bila kulala, na kama kweli wale wa timu hutupa chupa za maji njiani. Nikamwambia hutupa. Akauliza ni za lita ngapi.